Daktari Harold Shipman: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila habari za Shipman zinapoibuka tena mtandaoni, maswali ni yaleyale: aliua wangapi, aliwezaje, kwa nini, na ndugu wa marehemu walikuwa wapi. Majibu yamekusanywa hapa. Tulipokuwa tumeshaeleza jambo, tumekuelekeza kwenye swali husika badala ya kulirudia.

## Kumjua mhusika

Harold Shipman alikuwa nani?

Alikuwa daktari wa familia katika mji wa Hyde, karibu na Manchester, kaskazini mwa Uingereza. Januari 2000 alitiwa hatiani kwa kuwaua wagonjwa wake 15. Tume iliyoundwa baadaye ilikadiria kwamba kwa jumla aliua watu wapatao 250, jambo linalomweka miongoni mwa wauaji wa mfululizo walioua watu wengi zaidi ambao historia inawajua. Ndiye daktari pekee nchini humo aliyewahi kutiwa hatiani kwa kuwaua wagonjwa wake mwenyewe.

Wasiojua mfumo wa Uingereza wafahamu kwamba kule kila mtu huandikishwa kwa daktari wa mtaani kwake. Huyo ndiye anayekutibu mafua, anayekuandikia dawa za presha, anayekuja nyumbani ukizidiwa, na enzi zile ndiye pia aliyeandika cheti chako cha kifo. Kumbuka hilo la mwisho, maana kesi nzima imesimama juu yake.

Alizaliwa wapi na alikulia katika mazingira gani?

Alizaliwa Nottingham tarehe 14 Januari 1946, mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yake alikuwa dereva wa lori na familia ilikuwa ya waumini wa Kanisa la Methodisti. Nyumbani walimwita Fred. Mama yake alimpenda kuliko wenzake na kumjengea imani kwamba yeye si wa kiwango cha watoto wa jirani. Mama huyo alifariki kwa saratani ya mapafu Juni 1963, Fred akiwa na miaka 17. Katika siku zake za mwisho daktari alikuwa akija nyumbani kumdunga mofini ili apunguze maumivu, na kijana alikuwa akiona.

Alisoma udaktari Leeds, akaoa mwaka 1966 akiwa bado mwanafunzi, akahitimu 1970. Yeye na mkewe Primrose walipata watoto wanne.

Kwa hiyo kifo cha mama yake ndicho kilichomfanya muuaji?

Maelezo haya yanapendwa sana kwa sababu yanakaa vizuri kama hadithi: mama, sindano, mofini, kisha wanawake wazee wanaokufa kwa dawa ya jamii ileile. Huenda kuna kitu hapo. Lakini watoto wengi wamewaona wazazi wao wakiondoka namna hiyo na hawakumdhuru mtu, na Shipman mwenyewe hakuwahi kuthibitisha lolote. Kwa maoni yangu nadharia hii hutupatia faraja zaidi kuliko inavyotupatia jibu. Suala la sababu limejadiliwa zaidi kwenye swali la "Kwa nini aliua?"

Ni kweli aliwahi kukamatwa kwa dawa za kulevya kabla ya mauaji kujulikana?

Ni kweli, na hapa ndipo wasomaji wengi hushika vichwa. Mwaka 1974 alianza kazi ya udaktari wa familia katika mji wa Todmorden. Mwaka uliofuata wenzake waligundua kwamba alikuwa akiandika maagizo ya pethidini, dawa kali ya maumivu inayoleta uraibu, kwa majina ya wagonjwa, kisha anajidunga mwenyewe. Alipelekwa hospitali ya magonjwa ya akili mjini York kutibiwa uraibu, na Februari 1976 mahakama ikamtoza faini ya pauni 600.

Baraza la Madaktari la Uingereza halikumfutia leseni. Lilimwandikia barua ya onyo, basi. Mwaka 1977 alipokelewa kwenye kituo cha Donneybrook mjini Hyde, akaanza upya.

## Mauaji yenyewe

Aliua watu wangapi hasa?

Inategemea unauliza mahakama, tume au wataalamu wa takwimu, ndiyo maana mitandaoni utakuta namba zinazopishana.

Mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji 15, yote ya kati ya 1995 na 1998. Profesa Richard Baker wa Chuo Kikuu cha Leicester, katika ukaguzi uliochapishwa Januari 2001, alilinganisha vifo vya wagonjwa wa Shipman na vya madaktari wengine wa eneo hilo, akapata ziada ya vifo 236 vilivyotokea nyumbani. Tume ya Jaji Janet Smith ilichambua kifo kimoja kimoja, na Julai 2002 ikatangaza kwamba aliua watu 215: wanawake 171 na wanaume 44. Palikuwa na vifo vingine 45 vyenye shaka nzito, na vingi ambavyo ushahidi haukutosha kusema lolote. Ripoti ya mwisho ya Januari 2005 iliongeza miaka yake ya hospitali ya Pontefract, alikofanya kazi mwanzoni, na kufikisha makadirio kwenye 250.

Ukitaka namba moja ya kuandika, andika 215 kwa waliothibitishwa na tume na "takriban 250" kwa makadirio. Anayekwambia 400 au 500 muulize kaipata wapi.

Waathiriwa walikuwa akina nani?

Wengi walikuwa wanawake wazee walioishi peke yao, mara nyingi wajane. Lakini si wote. Mdogo kuliko wote kwenye orodha ya 215 alikuwa mwanamume wa miaka 41, na mkubwa alikuwa na miaka 93. Hata kauli kwamba aliwapunguzia mateso wagonjwa mahututi haina mguu wa kusimamia. Wapo waliokuwa wagonjwa kweli, ila wengi walikuwa wazima kwa umri wao: asubuhi wamekwenda sokoni, mchana wamekutwa wamekufa kwenye kiti.

Alitumia njia gani?

Sindano ya diamofini, yaani heroini inayotumika hospitali kwa maumivu makali. Aliipata kwa kuandika maagizo ya dawa kwa majina ya wagonjwa ambao hawakuihitaji au hawakuwahi kuipata, na kwa kuchukua mabaki ya dawa katika nyumba za wagonjwa wa saratani waliofariki. Tangu mkasa wa pethidini alidai habebi dawa za aina hiyo, hivyo hakuwa na daftari la kuziandika, na hakuna aliyekuja kumkagua.

Kilichofuata kilikuwa karibu sawa kila mara. Daktari amepita nyumbani kumwona mgonjwa, wakati mwingine bila kuitwa. Baada ya muda mgonjwa anakutwa amekaa kitini au kwenye sofa, amevaa nguo zake za kutwa, hana dalili ya kuhangaika. Daktari anasema ni moyo, au kiharusi, au uzee. Mara nyingine aliwaambia ndugu kwamba alikuwa ameshapiga simu ya gari la wagonjwa na kuikatisha baada ya kuona mtu amekwisha. Rekodi za kampuni ya simu zilionyesha baadaye kwamba simu hizo hazikuwahi kupigwa.

Wengine walifia kliniki kwake. Mei 1997 mwanamke mmoja alikufa ndani ya kliniki, na Shipman akaendelea kuwaona wagonjwa wengine watatu kabla ya kumwambia karani wake kilichotokea.

Kwa nini mauaji yaliongezeka miaka ya 1990?

Mwaka 1992 aliwaacha wenzake wa Donneybrook akafungua kliniki yake katika nyumba namba 21, Market Street. Hakukuwa tena na daktari wa chumba cha pili wa kuuliza. Mwaka 1997 pekee, tume ilihesabu watu 37.

Je, kuna mpangilio wowote ulioonekana kwenye muda wa vifo?

Upo, na ndio mchoro maarufu kuliko yote katika kesi hii. Watu wazee wanaokufa kwa maradhi hufa saa yoyote, usiku na mchana, na ukichora grafu inakaa karibu tambarare. Grafu ya wagonjwa wa Shipman ina mlima mmoja, na kilele chake ni mwendo wa saa nane mchana, wakati alipokuwa kwenye mzunguko wa kuwatembelea watu nyumbani. Mwanatakwimu David Spiegelhalter na wenzake walionyesha pia kwamba, kama pangekuwa na mtu aliyehesabu vifo daktari kwa daktari, kengele ingelia mwishoni mwa 1996. Wakati huo vifo vya ziada vya wanawake wa zaidi ya miaka 65 vilikuwa 67. Kufikia 1998 vilikuwa 119.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kilichokosekana ni mtu wa kuifanya.

## Kwa nini hakushtukiwa

Ndugu wa marehemu hawakuona kitu?

Baadhi waliona. Walishangaa mama aliyekuwa mzima jana amekufaje leo, au kwa nini daktari alikuwa wa mwisho kumwona akiwa hai na wa kwanza kujua kwamba amekufa. Lakini mtu aliyewajibu maswali hayo ni yuleyule daktari, kwa sauti ya kujiamini, na wakati mwingine kwa ukali. Mwenye miaka 80 akifa, nani ataanza kubishana na daktari kwenye msiba?

Pia alipendwa. Wagonjwa walisubiri nafasi ya kuandikishwa kwake, kwani alikuwa daktari anayekuja nyumbani, anayekaa chini na kusikiliza. Alipoanza kuchunguzwa, wapo waliojitokeza kumtetea.

Vyeti vya kifo vilipitaje bila kukaguliwa?

Kwa sheria ya wakati ule, daktari aliyemtibu marehemu ndiye aliyeandika sababu ya kifo. Akiridhika kwamba kifo ni cha kawaida, mchunguzi wa vifo wa mahakama haambiwi, maiti haipasuliwi, na msiba unaendelea. Kwa hiyo Shipman alikuwa mtuhumiwa, shahidi na hakimu ndani ya karatasi moja.

Palikuwa na kizuizi kimoja tu. Waingereza wengi huchomwa wakifa badala ya kuzikwa, na kwa kuwa majivu hayafukuliki, ilitakiwa daktari wa pili asaini fomu yake kuthibitisha. Daktari huyo alilipwa ada kwa saini hiyo. Mara nyingi alimpigia simu mwenzake, akaitazama maiti kwa haraka, akasaini. Madaktari wa kliniki ya jirani walisaini fomu za Shipman nyingi namna hiyo, wakiamini neno la mtu waliyemheshimu.

Nani alikuwa wa kwanza kumshuku?

Watu wa mazishi, madereva na majirani, yaani wale ambao hakuna aliyedhani wana utaalamu. Deborah Massey, wa kampuni ya mazishi ya familia yake mjini Hyde, aliona kwamba wazee wa Shipman wanafanana mno: kiti, nguo kamili, nyumba haina dalili ya ugonjwa. Dereva teksi mmoja wa mji huo aliyekuwa akiwabeba wanawake wazee alianza kuorodhesha abiria wake waliokufa, akaona daktari wao ni mmoja.

Massey alizungumza na Daktari Linda Reynolds wa kliniki ya Brooke, iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Reynolds alilinganisha vifo, akaona kwamba daktari mmoja anayefanya kazi peke yake ana vifo vingi kuliko kliniki nzima yenye wagonjwa mara tatu ya wake. Machi 1998 alipeleka shaka yake kwa mchunguzi wa vifo, John Pollard, naye akawaita polisi.

Polisi walifanya nini?

Walichunguza kimyakimya, na tarehe 17 Aprili 1998 wakafunga jalada wakisema hakuna ushahidi. Hawakuangalia hata kama mtuhumiwa ana rekodi ya jinai, na rekodi ilikuwepo (tazama swali la dawa za kulevya). Tume ilikilaumu Kikosi cha Polisi cha Greater Manchester kwa kuikabidhi kazi kwa maofisa wasio na uzoefu. Baada ya jalada kufungwa, Shipman aliua watu wengine watatu. Wa mwisho alikuwa Kathleen Grundy.

## Kukamatwa na kesi

Kathleen Grundy alikuwa nani na kifo chake kilifichuaje mambo?

Alikuwa mjane wa miaka 81, mume wake aliwahi kuwa meya wa Hyde, na mwenyewe alikuwa mtu wa shughuli nyingi. Tarehe 24 Juni 1998 alitarajiwa kwenye klabu ya wazee, ambako alikuwa akisaidia kugawa chakula cha mchana. Hakutokea. Wenzake walikwenda nyumbani wakamkuta amelala kwenye sofa, amevaa, amekufa. Shipman alikuwa amepita asubuhi ile. Bi Grundy aliamini anakuja kumtoa damu kwa ajili ya utafiti kuhusu uzee. Kwenye cheti Shipman aliandika: uzee.

Kisha ukaletwa wosia. Ulikuwa umechapwa vibaya kwa taipureta, na ulimpa daktari mali yote, takriban pauni 386,000, huku mtoto wa marehemu na wajukuu wakiachwa bila kitu. Shipman hakujua, au hakujali, kwamba mtoto huyo, Angela Woodruff, ni wakili, na ndiye aliyekuwa akishughulikia mambo ya kisheria ya mama yake. Mama makini namna ile hangeweza kutoa karatasi chafu namna ile. Alifuatilia mashahidi waliosaini, kisha akaenda polisi. Mashahidi walikuwa wagonjwa waliokuwa wamekaa kwenye benchi la kliniki, ambao daktari aliwaomba wasaini karatasi bila kuwaeleza ni ya nini.

Ushahidi gani ulimbana?

Kaburi lilifukuliwa Agosti 1998 na mofini ikapatikana kwenye mwili, kwani diamofini ikishaingia mwilini hugeuka mofini. Taipureta ya aina ya Brother iliyochapa wosia ilikuwa mikononi mwa Shipman, na alama yake ya kidole ilikuwa kwenye wosia wenyewe.

Alijitetea kwamba Bi Grundy alikuwa mraibu, akaonyesha maandishi ya kompyuta ya kliniki. Hapo alijikaanga kwa mafuta yake. Kompyuta ilikuwa ikihifadhi, nyuma ya pazia, tarehe na saa halisi ya kila badiliko. Wataalamu wa polisi walikuta kwamba kwenye mafaili ya wagonjwa kadhaa alikuwa ameingiza historia za ugonjwa wa moyo baada ya kifo, akiziandikia tarehe za nyuma.

Jambo jingine ambalo hata madaktari wenzake hulishangaa: mofini hukaa kwenye maiti muda mrefu. Daktari aliyetaka kweli kujificha asingeichagua. Nadhani hakuwahi kufikiria kwamba kaburi litafunguliwa, na kwa zaidi ya miaka 20 hakuwa amekosea.

Kesi ilikwendaje?

Alikamatwa 7 Septemba 1998. Katika mahojiano ya polisi yaliyorekodiwa kwa video alifikia kuwageuzia maofisa mgongo, akatazama ukuta na kufumba macho. Kesi ilianza Oktoba 1999 mjini Preston mbele ya Jaji Forbes, na tarehe 31 Januari 2000 wazee wa baraza walimtia hatiani kwa mauaji yote 15 pamoja na kughushi wosia. Alipewa vifungo 15 vya maisha, na miaka minne kwa wosia. Jaji alipendekeza asitoke kamwe. Leseni ya udaktari ilifutwa mwezi uliofuata.

Kwa nini hakushtakiwa kwa mauaji mengine?

Waendesha mashtaka waliona kwamba, baada ya habari zake kuenea kiasi kile, haiwezekani kupata wazee wa baraza wasiokuwa na maoni tayari. Isitoshe, alikuwa hawezi kufungwa zaidi ya pale.

Je, aliwahi kukiri?

Hapana. Alikana polisi, akakana mahakamani, na hakuisaidia tume. Familia zaidi ya 200 zilipata jibu kutoka kwa Jaji Smith, si kutoka kwake.

Alikufaje?

Alijiua katika gereza la Wakefield tarehe 13 Januari 2004, siku moja kabla ya kutimiza miaka 58. Familia nyingi zilikasirika badala ya kufurahi, kwa kuwa tumaini la kusikia maelezo yake lilikwenda naye.

Kwa nini aliua?

Kwa fedha? Wosia wa Grundy ni kisa cha peke yake, na baadhi huona kama alikuwa anataka akamatwe, jambo ambalo haliwezi kuthibitishwa. Kwa huruma? Tazama swali la waathiriwa. Hapakuwa na dalili ya shambulio la kingono. Jaji Smith aliona uwezekano kwamba alikuwa na tabia ya uraibu, na kuua kukawa kitu asichoweza kuacha, kama pethidini ilivyokuwa zamani. Wataalamu wa akili walioisaidia tume walizungumzia haja ya kutawala. Binafsi naona jibu la uraibu linakaribia zaidi mwenendo wake: vipindi vya kutulia anapoogopa, kisha kurudi kwa kasi.

## Baada ya Shipman

Tume iligundua nini na nini kimebadilika?

Ilitoa ripoti sita kati ya 2002 na 2005, ikachukua maelezo ya mashahidi wapatao 2,500, na kugharimu pauni milioni 21. Ripoti zilikwenda mbali zaidi ya mtu mmoja: uchunguzi mbovu wa polisi, vyeti vya kifo, dawa zinazodhibitiwa, na Baraza la Madaktari, ambalo Jaji Smith alilishutumu kwa kuwalinda madaktari kuliko wagonjwa.

Udhibiti wa dawa kali ulibanwa baada ya sheria ya 2006. Tangu mwishoni mwa 2012 madaktari hupimwa upya mara kwa mara ili wabaki na leseni. Lililochukua muda kuliko yote ndilo lililokuwa kiini: mkaguzi huru wa kitabibu anayepitia kila kifo kisichokwenda kwa mchunguzi wa mahakama. Nchini England na Wales utaratibu huo umekuwa lazima kisheria tarehe 9 Septemba 2024, zaidi ya miaka 20 baada ya ripoti kuupigia debe.

Mkewe alijua?

Primrose hakushtakiwa kwa lolote. Alihudhuria kesi, akasimama upande wa mumewe, na alipoitwa mbele ya tume majibu mengi yalikuwa kwamba hakumbuki. Yanayosemwa zaidi ya hapo ni dhana za watu.

Aliiba vito vya marehemu?

Polisi walikuta vito vya zaidi ya pauni 10,000 nyumbani kwake mwaka 1998. Mwaka 2005 Primrose alipotaka arudishiwe, polisi waliziandikia familia za marehemu ziangalie kama kuna vyao. Vipande 66 alirudishiwa. Vipande 33 alikiri si vyake vikapigwa mnada kwa ajili ya shirika la kuwasaidia waathiriwa wa uhalifu. Ni familia moja tu iliyorudishiwa kitu, pete ya almasi, kwa kuwa ilikuwa na picha ya kuthibitisha.

Je, Hyde kuna kumbukumbu ya waathiriwa?

Ipo. Ni bustani ndani ya Hyde Park, inayoitwa Garden of Tranquillity, iliyofunguliwa 30 Julai 2005. Kliniki ya Market Street usiende kuitafuta ukitaka kuona daktari alipofanyia kazi. Wakazi wa Hyde wamechoshwa na wageni wa aina hiyo.